Folda za Seva ya Barua Pepe: Fanya Hili, Usifanye Lile

Orodha hii ni ya yeyote aliyekabidhiwa nywila ya root kwenye seva ya Linux inayopokea barua kwa Postfix na kuzitunza kwa Dovecot. Ndani ya diski hutakuta faili moja kubwa linaloitwa hifadhidata. Utakuta folda nyingi na mafaili mengi, baadhi yenye majina yasiyosomeka na baadhi yanayofanana kabisa na takataka. Hiyo ndiyo hifadhidata yenyewe. Si kila barua inayopotea kwenye seva hizi imepotezwa na wadukuzi au diski kufa; nyingine hupotezwa na msimamizi aliyeamua kusafisha asichokielewa.

Kabla hujagusa faili lolote, jiulize liko fungu gani. Ni barua yenyewe? Ni faharasa ambayo programu inaweza kuijenga upya? Au linafanana na faharasa, ilhali likifutwa halirudi? Kama huna jibu, toa mkono.

FANYA: Jua muundo unaotumika.
Andika doveconf -n usome. Kwenye matoleo ya 2.3 kurudi nyuma mpangilio unaitwa mail_location, kuanzia 2.4 umegawanywa kuwa mail_driver na mail_path. Jibu litakuwa mbox, Maildir, mdbox au ndugu zao. Ushauri ulio sahihi kwa Maildir unaweza kuangamiza mdbox, na nitaonyesha hapa chini kwa nini. Usinakili amri ya mtu mwingine kabla hujajua yeye alikuwa na muundo upi.

FANYA: Heshimu folda tatu, tmp, new na cur.
Maildir ilibuniwa na Daniel J. Bernstein katikati ya miaka ya 1990, alipokuwa akitengeneza qmail. Katika mbox, barua zote za mtu hurundikwa kwenye faili moja, na kila programu inayotaka kuliandika lazima ilifunge kwanza ili nyingine isubiri. Kufuli likikosewa au umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili zima linaweza kuharibika. Bernstein aliachana na kufuli. Barua mpya huandikwa yote ndani ya tmp, huhakikishwa kuwa imefika diskini, ndipo huhamishiwa new. Kuhama huko ni tendo moja lisilogawanyika: ama barua imo ndani ya new ikiwa kamili, ama haimo kabisa. Programu ya mtumiaji ikishaiona, barua huhamia cur.

Usalama wote huo unategemea folda tatu kukaa kwenye mfumo mmoja wa mafaili. Kwa hiyo usihamishie tmp kwenye diski nyingine kwa kutumia kiungo ili upate nafasi. Ukifanya hivyo, kuhama hakutakuwa tena tendo moja.

USIFUTE kilichomo ndani ya tmp kwa sababu tu ni tmp.
Kunaweza kuwa na barua inayoandikwa dakika hii hii. Kanuni ya Maildir inaruhusu kuondoa faili ambalo halijaguswa kwa saa 36. Kabla ya hapo liache.

FANYA: Jifunze kusoma jina la faili.
Tazama hili:

1718961234.M20046P2280.posta,S=4542,W=4642:2,RS

Namba ya kwanza ni sekunde zilizopita tangu kuanza kwa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za UTC. Hapa ni Ijumaa, 21 Juni 2024, saa 6 na dakika 13 mchana kwa saa za Afrika Mashariki. M ni sehemu ya sekunde, P ni namba ya mchakato ulioandika barua, na posta ni jina la seva. S ni ukubwa wa barua kwa baiti kama ilivyo diskini. W ni ukubwa wake inaposafirishwa kwenye mtandao, ambapo kila mwisho wa mstari huongezewa baiti moja. Tofauti ya 100 inakwambia kuwa barua hii ina mistari 100. Baada ya :2, zinafuata alama: R imejibiwa, S imesomwa. F ingekuwa na nyota, D ni rasimu, P imepelekwa kwa mtu mwingine, T imewekwa tayari kufutwa.

Yote hayo yamo kwenye jina tu, bila kufungua barua. Ndiyo maana jina hilo ni data, tena data ya mtu.

USIBADILI jina hilo kwa mkono, wala usihariri barua yenyewe.
Ukifungua barua kwa vi au ukaipitishia sed ili kufuta neno moja, ukubwa halisi hautalingana tena na S. Dovecot itaanza kulalamika kwenye logi, na mtumiaji atapata barua iliyokatwa au isiyofunguka. Katika IMAP barua ikishaingia haibadiliki. Inayobadilika ni alama zake. Ukitaka kuongeza barua, tumia doveadm save au ipitie LMTP. Usiitupie ndani ya cur kwa cp.

USIBEBE Maildir kwenye flash ya FAT32 wala kuipitisha Windows.
Angalia tena jina lile: lina nukta mbili kabla ya 2. Windows hairuhusu alama hiyo kwenye jina la faili. Nakala itagoma, au itakamilika majina yakiwa yamebadilishwa, nawe hutajua mpaka siku ya kurudisha, mtumiaji atakapoona barua zake zote za miaka mingi zikisema hazijasomwa. Funga folda kwa tar kwanza, kisha beba hilo faili moja.

USIFUTE dovecot-uidlist. Usifute kamwe.
Hili ndilo faili linaloumiza wengi, kwa kuwa ni dogo, ni la maandishi, na linaonekana kama orodha tu. Mstari wake wa kwanza una V ikifuatiwa na namba, N ikifuatiwa na namba, na G yenye kitambulisho kirefu cha folda. Mistari inayofuata inaoanisha kila barua na namba yake.

Namba hizo ni ahadi. Itifaki ya IMAP inataka kila barua katika folda iwe na namba inayopanda, isiyowahi kupewa barua nyingine. Ile V ni namba ya uhalali wa folda nzima: ikibadilika, simu na kompyuta za watumiaji huelewa kwamba kila zilichotunza hakifai tena. Zinatupa vyote na kuanza kushusha upya. Chukua ofisi ya watu 40, kila mmoja ana barua za GB 5. Kwa kufuta faili hili katika folda zao umeagiza GB 200 zishushwe, wengine wakizishusha kwa bando walilonunua kwa fedha zao. Anayetumia POP3 anaumia zaidi: kwa mpangilio wa kawaida utambulisho wa barua hutokana na namba hizo hizo, hivyo programu yake inaona barua zote ni mpya na kuzishusha mara ya pili juu ya zile za kwanza.

Kando yake kuna dovecot-keywords, inayotunza majina ya lebo. Kwenye jina la barua lebo huandikwa kwa herufi ndogo, a hadi z. Faili hili likipotea, herufi zinabaki bila maana.

USICHANGANYE faharasa za Maildir na za mdbox.
Kwenye Maildir, mafaili ya dovecot.index, dovecot.index.log na dovecot.index.cache yanaweza kujengwa upya, kwa sababu barua na alama zake zimo kwenye mafaili ya barua. Yakiharibika, Dovecot itayatengeneza tena. Seva itakuwa nzito kwa muda, basi.

Kwenye mdbox hali ni kinyume. Barua nyingi hukaa pamoja ndani ya storage, kwenye mafaili yanayoitwa m.1, m.2 na kuendelea. Alama za kusomwa, nyota, na habari kwamba barua fulani sasa iko folda fulani, zimo kwenye faharasa peke yake. Futa faharasa hizo na alama zimekwenda. Barua zilizokuwa zimepangwa zinaweza kurudi pale zilipoingia mara ya kwanza, na zilizofutwa zinaweza kufufuka. doveadm force-resync itaokoa barua zenyewe, lakini haitakurudishia kumbukumbu ambayo haipo popote. Amri ile ile ya rm, kwa majina yale yale ya mafaili, mahali pamoja haina madhara na mahali pengine inaharibu kazi ya miaka. Ukikuta maelekezo yanayosema futa tu index, itajijenga, uliza kwanza: ya muundo upi?

Ujue pia kwamba katika mdbox kufuta barua hakurudishi nafasi ya diski mpaka uendeshe doveadm purge. Iweke kwenye cron, usiku.

USIINGIE kwenye foleni ya Postfix na rm.
Foleni iko /var/spool/postfix, na kila folda ina kazi yake. maildrop ni ya barua zinazotumwa na programu za humo humo ndani ya seva. incoming ni zilizopokelewa. active ndizo zinazoshughulikiwa sasa. deferred zimeshindwa kwa muda na zitajaribiwa tena. Kwa kawaida Postfix huendelea kujaribu kwa siku 5, ndipo humrudishia mtumaji. hold umezizuia wewe. corrupt hazisomeki. Wietse Venema, aliyeanzisha Postfix, alitumia wazo linalofanana na lile la tmp na new: faili ndani ya incoming huanza na ruhusa 0600, na likikamilika hubadilishwa kuwa 0700. Ruhusa hiyo ni ujumbe kwamba barua iko tayari. Kwa hiyo usipitishe chmod -R humo hata kidogo.

Majina ya mafaili ya foleni nayo yanahusiana na namba ya inodi, yaani rekodi ambayo mfumo wa mafaili huiwekea kila faili. Ukinakili foleni kwenda diski nyingine, majina hayo hayalingani tena. Ukilazimika kuihamisha, simamisha Postfix, nakili, kisha endesha postsuper -s kabla ya kuiwasha.

Akaunti ya mtu ikidukuliwa na foleni ikajaa maelfu ya barua chafu, hasira itakuambia ufute zote. Usifute zote. Katikati yake zimo ankara, maombi ya kazi na majibu ya hospitali. Zizuie kwa postsuper -h, zitazame kwa postqueue -p na postcat -q, kisha ondoa zile za mtumaji huyo tu kwa postsuper -d na namba zake.

FANYA: Angalia inodi, si gigabaiti peke yake.
Maildir ni faili moja kwa kila barua. Kwenye ext4 idadi ya inodi hupangwa siku diski inapoandaliwa, kwa kawaida moja kwa kila baiti 16,384. Zikiisha, seva inasema hakuna nafasi hata kama nusu ya diski iko tupu, na barua zinaanza kukwama. df -h haitakuonyesha hilo. Andika df -i.

USIENDESHE seva ya barua kwa ruhusa za 777.
Folda za barua ziwe za mtumiaji wa barua, kwa kawaida vmail, na ruhusa 0700. Ukiwa root ukaunda au ukanakili faili humo, linakuwa mali ya root na Dovecot inashindwa kulisoma; rekebisha kwa chown kwenye faili hilo. Anayeandika chmod -R 777 ili tatizo liishe haraka amefungua barua za watu wote kwa kila programu iliyomo kwenye seva, pamoja na tovuti yenye kasoro inayokaa humo humo. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Hata bila sheria, barua si zako.

USIRUHUSU antivirus kuchukua mafaili ndani ya Maildir. Kagua barua inapoingia, kabla haijafikishwa.

FANYA: Bekapu kwa njia inayoelewa barua.
rsync juu ya seva inayofanya kazi ina hatari yake: barua iko new inapoorodheshwa, mtumiaji anaifungua, inahamia cur na jina linabadilika, na nakala yako inaikosa au inaipata mara mbili. Kwa mdbox ni hatari zaidi, kwani mafaili ya m. na faharasa zake lazima yawe ya wakati mmoja. Tumia doveadm backup, au piga snapshot ya LVM au ZFS kisha nakili kutoka humo. RAID haikusaidii hapa. Ukifuta faili, linafutwa kwenye diski zote mbili kwa pamoja. Mara kwa mara rudisha sanduku moja kwenye akaunti ya majaribio, ulifungue, ulinganishe idadi ya barua.

Ukitaka kuondoa barua za zamani, anza na doveadm search, soma majibu, ndipo utumie doveadm expunge kwa masharti yale yale. Usitumie find na -delete.

KAMA UMESHAFUTA:
Simamisha Dovecot na Postfix papo hapo. Watumaji wa nje watajaribu tena baadaye, kwa hiyo saa moja ya kimya haipotezi barua. Ikiwa ni dovecot-uidlist na hakuna mtumiaji aliyeunganika tangu ulifute, lirudishe kutoka kwenye bekapu kabla ya kuwasha. Ikiwa wameshaunganika na namba mpya ya V imeshaundwa, usirudishe la zamani, maana utawalazimisha kushusha kila kitu kwa mara nyingine. Ikiwa ni barua zenyewe, usiandike chochote zaidi kwenye diski hiyo, rudisha bekapu kwenye folda ya pembeni, kisha ziingize kwa doveadm import. Waambie watumiaji siku hiyo hiyo nini kimepotea na cha kuanzia tarehe gani, ili wanaosubiri majibu waweze kuwaandikia watu wao upya.