SOMO LA WAFANYAKAZI: SERIKALI YA MAREKANI NA SHERIA YA VYAMA



Katika somo hili tunaeleza jinsi Marekani inavyotawaliwa. Tutafuata safari ya sheria moja, ile ya vyama vya wafanyakazi, ili tuone kila chombo cha serikali kikifanya kazi yake.

Katiba

Katiba ya Marekani iliandikwa mjini Philadelphia mwaka 1787. Ilianza kutumika mwaka 1789, na George Washington akawa Rais wa kwanza. Walioiandika walikuwa wametoka kupigana na mfalme wa Uingereza, kwa hiyo hawakutaka madaraka yote yawe mikononi mwa mtu mmoja. Lakini watumwa hawakupewa uhuru. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865 kwa badiliko la 13 la Katiba. Hadi sasa mabadiliko ni 27.

Vyombo vitatu

1. Bunge hutunga sheria. Lina Seneti yenye watu 100, wawili kutoka kila jimbo, na Baraza la Wawakilishi lenye watu 435, wanaogawanywa kwa idadi ya wakazi wa kila jimbo.

2. Rais hutekeleza sheria. Huchaguliwa kwa miaka minne. Franklin Roosevelt alichaguliwa mara nne; badiliko la mwaka 1951 likakataza mtu kuchaguliwa zaidi ya mara mbili.

3. Mahakama Kuu ina majaji tisa. Rais huwateua, Seneti huwathibitisha, nao hawawekewi muda wa kuondoka. Mahakama hiyo yaweza kufuta sheria inayopingana na Katiba.

Safari ya sheria

Mwaka 1935 Bunge lilipitisha sheria iliyoletwa na Seneta Robert Wagner wa New York, na Roosevelt akaitia sahihi. Ilimkataza mwajiri kumfukuza mtu kwa kujiunga na chama, na ikamlazimisha kujadiliana na chama kilichochaguliwa na wafanyakazi. Waajiri wengi waliipuuza, wakitumaini kuwa Mahakama Kuu itaifuta. Mwaka 1937 majaji watano waliikubali na wanne wakaikataa. Haki ya mamilioni ya watu iliokolewa kwa kura moja.

Mwaka 1947 Bunge jipya lilipitisha sheria ya kupunguza nguvu za vyama. Rais Harry Truman aliikataa. Lakini Katiba yasema kwamba Rais akikataa, Bunge laweza kumshinda kwa theluthi mbili za kura katika kila baraza. Wawakilishi walipiga kura 331 kwa 83, Seneti 68 kwa 25. Sheria ikapita bila sahihi ya Rais. Tunaona basi kwamba kuwa na Rais anayewasikiliza wafanyakazi hakutoshi, kama Bunge limeshikwa na wengine.

Walioachwa nje

Sheria ya 1935 haikuwahusu wafanyakazi wa mashambani wala watumishi wa nyumbani, na hata leo haiwahusu. Katika majimbo ya Kusini wengi wao walikuwa watu Weusi waliozuiwa kupiga kura, kwa hiyo hawakuwa na mtu wa kuwasemea Bungeni.

Hata hivyo Katiba huyaachia majimbo nafasi ya kutunga sheria zake. Mwaka 1965 wachumaji wa zabibu wa Delano, katika jimbo la California, waligoma. Waliendelea miaka mitano, mpaka wenye mashamba wakatia sahihi mikataba mwaka 1970. Mwaka 1975 California ilitunga sheria yake ya kuwalinda wafanyakazi wa mashambani wanaounda chama. Wa mashambani walipata kwa umoja wao, miaka 40 baadaye, kile ambacho wenzao wa viwandani walipata mwaka 1935.

Maswali ya kujadili katika tawi

1. Kwa nini sahihi ya Roosevelt peke yake haikutosha kuwalinda wafanyakazi?
2. Bunge lilimshindaje Truman?
3. Sheria ya kazi ya nchi yetu yasema nini juu ya mfanyakazi wa shambani? Tuisome pamoja, kifungu kwa kifungu.