Firenze Peke Yangu: Mafunzo Niliyopata

Firenze ni mji mdogo, na udogo huo ndio unaowaponza wageni. Ukishuka kwenye stesheni ya Santa Maria Novella unalifikia kanisa kuu kwa miguu kabla jasho halijakutoka, na ukisogea mbele kidogo umeshafika mto Arno na daraja la Ponte Vecchio. Basi mtu hujiambia kwamba siku mbili tatu zinatosha kuona kila kitu. Nami nilijiambia hivyo. Nilikuwa Roma kikazi, treni ya kasi inachukua kama saa moja na nusu tu, nikaongeza siku chache na kwenda peke yangu, nikiwa na daftari lenye orodha ndefu kuliko ya wachangiaji wa harusi. Yafuatayo ningefurahi kuambiwa kabla sijakata tiketi.

1. Kalenda kwanza, picha baadaye

Uffizi na Accademia, majumba mawili ya sanaa yanayosakwa na wageni kuliko yote mjini, hufungwa Jumatatu. Mimi nilifika Jumapili jioni. Kesho yake niliamka alfajiri, nikavaa viatu vipya (kosa lingine hilo, kwa mji wa mawe), nikaenda hadi mlango wa Uffizi na kukuta njiwa tu.

Jumatatu si siku ya kupotea, ila ipangie mambo yake. Nenda kanisa la Santa Croce, walikozikwa Michelangelo, Galileo na Machiavelli. Au ingia jumba la Palazzo Vecchio, uone chumba cha ramani zilizochorwa karne ya 16, Afrika ikiwemo. Halafu kuna Jumapili ya kwanza ya mwezi, ambapo majumba ya sanaa ya serikali huwa bure. Bure hiyo utailipia kwenye foleni.

2. Saa nane ya tiketi si saa nane yako

Hili nalisimulia huku nikiona haya. Accademia ndiko iliko sanamu ya Daudi, na tiketi yake huuzwa kwa saa maalumu. Nilitaka kwenda baada ya chakula cha mchana, mambo ya saa nane hivi. Usiku, hotelini, macho yamekuwa mazito, nikaona 8:15 kwenye simu. Kichwa changu kikasoma saa nane na robo. Nikalipa, nikalala usingizi mnono.

Miaka yote nimesoma ratiba za ndege bila kukosea, lakini uchovu humrudisha mtu kwenye saa za nyumbani. Siku iliyofuata nilikwenda nikitembea taratibu, nimeshiba, najiona msafiri mwerevu. Mlinzi akaitazama tiketi, akanitazama mimi, kisha akanionyesha saa yake ya mkononi kwa huruma kabisa. Nilikuwa nimechelewa kwa saa sita.

Nikakimbilia makumbusho ya San Marco, hatua chache kutoka hapo. Nako kumefungwa, kwa kuwa wao kwa miaka mingi wamekuwa wakifunga kabla ya saa nane mchana. Hapo ndipo nilipoacha kukimbia. Nikashuka hadi uwanja wa Piazza della Signoria, na nani amesimama mbele ya Palazzo Vecchio? Daudi. Ni nakala, iliyowekwa mwaka 1910, lakini imesimama palepale iliposimama sanamu ya asili tangu Michelangelo alipoimaliza mwaka 1504 hadi ilipohamishiwa ndani mwaka 1873 kuiepusha na jua na mvua. Jiwe lenyewe wachongaji wengine walikuwa wamelianza wakalitelekeza. Nilikaa hapo kadiri nilivyotaka, bila tiketi.

Kisha nikaingia kanisa la Santa Maria Novella kwa sababu tu lilikuwa njiani kurudi hotelini. Nyuma ya madhabahu kuu kuna kuta alizozichora Domenico Ghirlandaio na mafundi wake kati ya mwaka 1485 na 1490. Natazama Mamajusi wanakuja kumsujudia mtoto Yesu, na kwa mbali kule, twiga! Nilicheka peke yangu kanisani. Mwaka 1487 Sultani Qaitbay wa Misri alimpelekea Lorenzo de' Medici, mkuu wa Firenze wakati huo, twiga hai, mji mzima ukatoka kumshangaa, na wachoraji wakamtia kwenye kazi zao. Mtu wa Tanzania anakwenda Ulaya kutafuta Daudi, anakutana na twiga.

Lakini twiga asikudanganye ukaona kupoteza tiketi ni baraka. Andika saa zako kwenye karatasi kwa Kiswahili: 8:15 ni saa mbili na robo asubuhi, 14:00 ni saa nane mchana. Isome kwa sauti kabla ya kulipa. Ukiwa na mwenzako, mmoja angegundua. Ukiwa peke yako hakuna wa kugundua.

3. Chagua viwili, vingine viache

Uffizi hatimaye niliingia. Giorgio Vasari alianza kulijenga mwaka 1560 liwe ofisi za utawala wa Cosimo wa kwanza, mtawala wa Firenze, na bado lina tabia ya ofisi: ukumbi unakupeleka chumba, chumba kinakupeleka kingine, na hakuna anayekuambia umemaliza. Mbele ya picha za mchoraji Botticelli niliona simu nyingi zilizoinuliwa kuliko nilivyomwona mungu wa kike Venus mwenyewe. Baada ya saa mbili miguu ilikuwa ikitembea na macho yamelala. Kilichoniamsha hakikuwa kwenye daftari langu. Kwenye korido, juu karibu na dari, kuna safu ndefu ya picha za watu mashuhuri wa zamani, na miongoni mwao yumo mfalme Lebna Dengel wa Ethiopia. Vyumba vilivyofuata sivikumbuki hata kimoja, ingawa daftari linasema nilipita.

Asubuhi ya mwisho nikarudi San Marco, safari hii mapema. Ilikuwa nyumba ya watawa. Karne ya 15 mtawa Fra Angelico, pamoja na wasaidizi wake, alichora vyumba vyao vya kulala. Unapanda ngazi, na unapofika juu unakutana uso kwa uso na Malaika Gabrieli akimpasha habari Maria. Baada ya hapo ni vyumba vidogo, kila kimoja na kidirisha chake na picha yake moja ukutani. Mtawa alipewa picha moja, aishi nayo. Mimi nilikuwa nimejipangia mia kadhaa kwa asubuhi moja.

Hapo nikaelewa faida ya kusafiri peke yako, ambayo nilikuwa nimeichukulia kama upungufu. Hakuna anayekuvuta mkono kukuambia twende. Unaweza kusimama mbele ya ukuta mmoja hadi mlinzi aanze kukutilia shaka, na ukitaka unarudi tena. Kwa safari fupi, kata tiketi za sehemu mbili kubwa, kila moja siku yake. Zilizobaki ziwe za bahati.

Kuba la kanisa kuu, alilolijenga Filippo Brunelleschi kati ya mwaka 1420 na 1436, niliamua kutolipanda. Lina ngazi 463 na halina lifti, na magoti yangu nayajua. Kijana apande, lakini akate tiketi mapema. Ila ajue kwamba ukiwa juu ya kuba, kitu kimoja usichokiona ni kuba lenyewe. Mimi nililitazama kutoka Piazzale Michelangelo, ng'ambo ya mto, jioni, na sikujuta.

4. Lala ndani ya mji

Hoteli ya bei nafuu nje ya mji itakula akiba yako kwa nauli na uchovu. Lakini uliza swali moja: iko ghorofa ya ngapi, na kuna lifti? Nyumba za kale zina ngazi za kale. Begi la magurudumu juu ya mawe yale hupiga kelele hadi watu wanageuka. Kodi ya mji hutozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona. Na kwa ajili ya wezi, mkoba uwe mbele, hasa stesheni.

5. Meza ya mtu mmoja

Kwetu anayekula peke yake hutazamwa kama aliyegombana na nyumbani. Jioni ya kwanza nilipita mbele ya migahawa kadhaa nikijifanya nasoma bei, kumbe natafuta ujasiri. Sikuupata. Nilirudi chumbani nikala biskuti za kwenye ndege zilizosagika ndani ya mkoba.

Kumbe kule hakuna anayejali. Kahawa hunywewa kwa kusimama kaunta, na ni rahisi kuliko ukikaa mezani. Mgahawani, mstari ulioandikwa *coperto* kwenye bili ni malipo ya kiti kwa kila mtu, si wizi, kwa hiyo usigombane kama nilivyotaka kugombana. Mkate wa Toscana, mkoa wa Firenze, hauna chumvi. Nilidhani mpishi amesahau, nikamhurumia. Na kwenye vibanda vya mitaani huuzwa *lampredotto*, tumbo la nne la ng'ombe lililochemshwa, likakatwakatwa na kutiwa ndani ya mkate pamoja na pilipili. Mtu aliyekulia supu ya utumbo hahitaji kufundishwa. Unakula umesimama, pamoja na mafundi na makarani, na upweke unaisha wenyewe. Asiyekula nyama isiyo halali atafute *ribollita*, supu nzito ya maharage, mboga na mkate, ambayo mara nyingi haina nyama, ila aulize kwanza.

Ukitaka meza ya kukaa, nenda mlango unapofunguliwa jioni, saa moja au moja na nusu. Mtu mmoja saa hiyo si mzigo kwa mwenye mgahawa.

6. Karatasi zitangulie

Italia imo katika eneo la Schengen, na mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipelekwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, na ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Ukienda kikazi mji mwingine kama nilivyofanya mimi, usiku wa Firenze nao uonekane kwenye ratiba na hoteli yake, usiuongeze kimyakimya. Chagua hoteli inayokubali kufuta bila gharama, maana jibu la viza halina ahadi. Kama utakwenda Februari, mwezi ambao mimi ningeuchagua kwa sababu foleni hupungua na vyumba hushuka bei, anza kutafuta miadi ya viza Novemba.