Nati ya breki imelika? Usikimbilie nyundo!

Wewe unayeteremka na baiskeli milima ya Usambara kuja Mkumbara, breki ndiyo roho yako. Nati inayobana waya wake ikilika kona, spana inateleza tu. Mara nyingi chanzo ni spana malaya iliyolegea (mafundi ndivyo wanavyoiita, tusilaumiwe sisi!).

Sasa ufanyeje? Sugua kutu, dondoshea mafuta ya taa, kisha subiri, hata usiku kucha. Haraka ndiyo inayokata bolti. Moto usiusogeze karibu. Kesho yake chukua tupa, chonga pande mbili zinazotazamana mpaka ziwe bapa, ndipo spana ipate pa kushika. Zungusha kinyume cha saa, kidogo kidogo, mbele na nyuma.

Ikigoma, igonge pembeni kwa tindo, upande wa kufungulia. Hapo vaa miwani. Chembe ya chuma ikiingia jichoni usifikiche, nenda zahanati. Ukijikata, osha kwa maji na sabuni, uulizie sindano ya pepopunda.

Ukishafunga nati mpya, bana breki huku unasukuma baiskeli. Gurudumu bado linazunguka? Usipande, kaza tena waya.