Somo: Fikiri Kabla ya Kubonyeza "Ruhusu"



Ukiweka programu mpya katika simu, huja na maombi: ione majina na namba ulizohifadhi, ijue mahali ulipo, itumie kamera. Wengi hubonyeza "Ruhusu" haraka ili kazi iendelee. Tafadhali, simama kidogo.

Ruhusa ni nini?
Ruhusa ni kama ufunguo. Fundi anayetengeneza mlango hahitaji ufunguo wa sanduku lako la nyaraka. Vivyo hivyo, tochi haihitaji kujua uko wapi. Lakini mwaka 2013, huko Marekani, serikali iliishtaki kampuni yenye programu ya tochi iitwayo Brightest Flashlight. Ilikuwa ikiwapelekea watu wa matangazo habari za mahali simu ilipo, bila kuwaeleza wenye simu.

Kwa nini inatuhusu?
Namba zilizomo katika simu yako si zako peke yako. Kuna ya mama aliyebaki nyumbani, na ya ndugu asiyetaka kujulikana alipo. Ukiruhusu, zote zinaweza kunakiliwa mara moja, na wao hawakuulizwa.

Baadhi ya programu za mikopo zilitumia namba hizo kuwapigia jamaa za mdaiwa na kumwaibisha. Mwaka 2023 duka la Google Play lilizikataza programu za mikopo kuchukua namba na picha za watu. Lakini programu uliyorushiwa na rafiki kwa Bluetooth haikupitia dukani.

Fanya hivi:
1. Jiulize: kazi ya programu hii inahitaji ruhusa hii? Kupiga simu ya video kunahitaji kamera. Mchezo wa karata hauhitaji namba za watu.
2. Ukiwa na shaka, kataa. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, unaweza kukataa ruhusa moja na kukubali nyingine.
3. Fungua Mipangilio, kisha Programu, chagua programu, halafu Ruhusa. Ondoa isiyohitajika.
4. Futa programu usiyoitumia.

Kumbuka: kuondoa ruhusa huzuia ya kesho, hakurudishi yaliyokwisha kuchukuliwa.

Maswali ya kuzungumza nyumbani
1. Ni programu zipi katika simu yetu zinaona namba za watu?
2. Watoto wakitumia simu hii, wanajua wakatae nini?