Nijinyime kula ili mtoto asiwe mkubwa?

"Shangazi, shikamoo. Nina mimba ya kwanza, ya miezi sita, na tangu nianze kliniki nimeongezeka kilo 2 tu. Mama mkwe ananipunguzia chakula, anasema mtoto akiwa mkubwa nitapasuliwa. Asubuhi nakunywa chai ya rangi na andazi moja, jioni uji. Njaa inaniuma lakini kisu nakiogopa. Nimsikilize?"
Mama Kijacho, Morogoro

Marahaba mwanangu. Kula. Nalitanguliza hilo kwa sababu miezi hii iliyobaki ndiyo mtoto anayoongezeka uzito zaidi.

Mwanamke aliyeshika mimba akiwa na uzito wa kawaida hutarajiwa kuongezeka kilo 11.5 hadi 16 mpaka ajifungue. Aliyekuwa mnene tangu awali, pungufu ya hapo. Kuanzia mwezi wa nne ni karibu gramu 400 kila wiki. Humo yumo mtoto, kondo la nyuma, maji ya uzazi na damu yako iliyoongezeka. Kilo 2 ni chache mno.

Tena njaa haikukingi na kisu. Wengi hupasuliwa kwa sababu mtoto amelala vibaya, kondo limeziba njia au presha imepanda, na udogo wa mtoto hauondoi hata moja kati ya hayo. Anayezaliwa chini ya kilo 2.5 ndiye anayepoa mwili upesi, anachoka kunyonya, anashikwa na maambukizi kirahisi.

Mama mkwe naye ana sababu ya kuogopa. Mtoto wa zaidi ya kilo 4 anaweza kukwama mabega, na mama akiwa na kisukari cha mimba, sukari ya kichanga inaweza kushuka saa chache baada ya kuzaliwa. Lakini kisukari hicho hujulikana kwa kupima sukari.

Wiki hii nenda naye kliniki. Mwombe muuguzi akupime kimo cha mimba, damu na sukari, kisha aeleze mama akiwa anasikia; hapo hutaonekana mkaidi. Nyumbani, andazi lipate yai au maharage, mchana ugali kwa dagaa na mchicha, katikati karanga au ndizi. Chai ya rangi uinywe saa moja au zaidi baada ya kula, maana inazuia mwili kupata madini ya chuma.

Uzito ukipanda ghafla, uso na mikono ikavimba, kichwa kikagonga au macho yakaona ukungu, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.