Foleni ya Malori Mpakani na Hesabu ya Uaminifu

Lori linalotoka bandari ya Mombasa kwenda Kampala hupita mizani za Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye, kisha hufika mpaka wa Malaba. Hapo dereva anaweza kuvuka upesi, au akazima injini, akashuka na kutandika mkeka chini ya trela. Ukiuliza sababu ya foleni utajibiwa haraka: maofisa ni wachache, au ni wazembe, au wanataka kitu kidogo. Huenda. Lakini foleni ina tabia zake zisizotokana na ubaya wa mtu yeyote. Asiyezijua anaweza kuongeza majengo, akawafungulia wateule njia ya haraka, na bado malori yakabaki palepale. Tuzitazame tabia hizo tangu mwanzo.

Chukua kituo chenye dirisha moja na ofisa mmoja wa forodha. Ofisa huyo anatafuta majibu ya maswali matatu: kilichomo ndani ya kontena ndicho kilichoandikwa kwenye karatasi? Ushuru umelipwa, au umewekewa dhamana? Kuna kitu cha hatari au cha haramu kilichofichwa? Akishajua, lori halina sababu ya kusimama. Kwa hiyo kinachosubiriwa mpakani, kwa hakika, ni habari. Mbao, saruji na mafuta ya kula vinakaa juani kwa sababu kuna mtu ambaye bado hajajua jambo fulani.

Sasa hesabu. Tuseme ofisa humaliza lori moja kwa wastani wa dakika 6, yaani malori 10 kwa saa, na malori yanayofika ni 8 kwa saa. Kwa haraka utasema foleni haiwezekani, maana uwezo unazidi kazi. Ungekuwa sahihi kama malori yangefika kwa vipindi vilivyo sawa, moja kila dakika saba na nusu, na kila moja lingechukua dakika 6 kamili. Hayafiki hivyo. Mizani ikikwama kisha ikafunguliwa, malori huja kwa mkumbo; baadaye barabara inakuwa tupu. Na zile dakika ambazo ofisa alikaa bila kazi alfajiri haziwekwi akiba zikatumika saa nne asubuhi. Zimepotea. Mzizi wa foleni uko hapo: uwezo usiotumika hauhifadhiki, lakini kazi isiyofanyika inarundikana.

Mtu wa kwanza kuliweka jambo hili katika hesabu alikuwa Agner Krarup Erlang, Mdenishi aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, na maandishi yake ya kwanza kuhusu suala hili yalitoka mwaka 1909. Yeye alihesabu simu zinazosubiri kuunganishwa, lakini kanuni ni ileile kwa malori. Kwa kituo chetu, ikiwa malori yanafika bila mpangilio na muda wa kuyahudumia nao unapanda na kushuka, malori 8 kwa saa yatasubiri dakika 24 kwa wastani. Yakifika 9 kwa saa, dakika 54. Yakifika 9 na nusu, dakika 114. Rudia kuzisoma namba hizo. Kutoka malori 8 hadi 9 na nusu ni ongezeko dogo, lakini kusubiri kumezidi mara nne na ushee. Kituo kinachokaribia kujaa hakielemewi polepole, huelemewa ghafla. Ndiyo maana dereva anayepita Malaba Jumatatu bila taabu anaweza kukuta msururu Alhamisi, na hakuna aliyefanya kosa.

Kabla ya kuendelea, kuna kanuni moja ya kutembea nayo, iliyothibitishwa na Mmarekani John Little mwaka 1961: idadi ya walio kwenye foleni ni sawa na kasi ya kufika kuzidisha muda wa kusubiri. Inafanya kazi pia kwa upande wa pili. Ukiwa mpaka wa Tunduma, ukahesabu malori 300 mbele yako, na ukaona yanavuka 20 kila saa, utasubiri saa 15. Huhitaji kumuuliza mtu.

Tabia ya pili ya foleni ndiyo inayosahaulika zaidi, nayo ndiyo msingi wa njia ya haraka. Tuseme malori ni 9 kwa saa, na kila lori linachukua dakika 6 kamili bila kuzidi wala kupungua. Kusubiri kutakuwa dakika 27 kwa wastani. Sasa badilisha kitu kimoja: kati ya malori 100, 90 yanakaguliwa makaratasi tu kwa dakika 2, na 10 yanafunguliwa na kupekuliwa kwa dakika 42. Piga hesabu uone: 90 mara 2 ni 180, 10 mara 42 ni 420, jumla 600, wastani bado ni dakika 6. Ofisa hafanyi kazi zaidi ya jana. Lakini kusubiri sasa ni dakika 135, mara tano ya mwanzo. Fomula inayotoa namba hizi ilipatikana miaka ya 1930 kwa kazi ya wanahisabati Félix Pollaczek na Aleksandr Khinchin, na ndani yake muda wa huduma unaingia kwa kipeo cha pili, ndiyo maana kazi ndefu chache zinaumiza kupita kiasi. Aliyewahi kufika bombani na ndoo moja akamkuta mwenye mkokoteni wa madumu ishirini analifahamu jambo hili mwilini.

Basi tuyatenganishe malori ya kazi fupi na ya kazi ndefu. Hapa pana mtego, na ningependa kila anayepanga mambo ya mipaka asimame hapa kidogo. Kuna namna mbili za kuweka njia ya haraka. Ya kwanza ni ya kujuana: nusu ya malori, yawe ya kazi fupi au ndefu, yanaruhusiwa kutangulia kwa sababu mwenye mali ana nguvu. Kwa kituo chetu, wateule watasubiri kama dakika 25, wengine dakika 245, na wastani wa wote utabaki 135. Hakuna hata dakika moja iliyookolewa. Zimehamishwa tu kutoka mabega ya mmoja kwenda ya mwingine. Mtafiti wa foleni Leonard Kleinrock alionyesha mwaka 1965 kwamba kupanga upya mstari hakupunguzi mzigo wa kazi unaosubiri, mradi kazi yenyewe haijapungua.

Namna ya pili ni kuwatanguliza wenye kazi fupi. Malori ya dakika 2 yatasubiri kama dakika 18 na nusu, yale ya kupekuliwa dakika 185, na wastani utashuka kutoka 135 hadi 35. Faida hii ni ya kweli, kwa sababu lori la dakika 2 likipita mbele linamchelewesha mwenzake dakika 2 tu, lakini lile la dakika 42 likitangulia linamtesa kila aliye nyuma. Hata hivyo mpekuliwa ameumia zaidi kuliko mwanzo, na hilo tutalirudia.

Swali linalobaki ni hili: ofisa atajuaje, lori likiwa bado barabarani, kwamba kazi yake ni ya dakika 2? Hapo ndipo uaminifu unapoingia kama kipimo. Tuseme katika malori 1,000 kuna 20 yenye kasoro. Ukifungua 100 kwa kubahatisha, utakamata mawili. Sasa tuseme malori 700 ni ya kampuni ambazo vitabu vyake vya miaka kadhaa vimekaguliwa na maghala yake yanajulikana, na kati yake yenye kasoro ni 2. Yaliyobaki 300 yana 18. Fungua 50 tu badala ya 100: 45 kutoka kundi la 300 na 5 kutoka kundi la 700. Utakamata karibu 3. Umefanya nusu ya upekuzi na umekamata zaidi. Namba hizi ni mfano wangu, si takwimu za kituo chochote, lakini mantiki yake ndiyo inayoendesha idara zote za forodha za kisasa.

Yale malori 5 usiyadharau. Siku kampuni inayoaminiwa itakapojua kwamba haifunguliwi kamwe, lori lake litakuwa gari bora kuliko yote kwa mtu wa magendo, naye atamtafuta dereva, au mpakiaji wa ghalani. Upekuzi wa nadra usiotabirika ndio unaoulinda uaminifu wenyewe.

Marekani na Kanada walilazimika kujenga mfumo kama huu baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Ukaguzi ulikazwa, malori yakasimama kwa saa nyingi kwenye Ambassador Bridge kati ya Windsor na Detroit, na baadhi ya viwanda vya magari vikasimama kwa kukosa vipuri. Desemba 2002 ilifunguliwa hapo njia ya mpango unaoitwa FAST. Sharti lake ni kwamba mwagizaji, msafirishaji na dereva, wote watatu, wawe wamechunguzwa na kuidhinishwa. Akikosekana mmoja, mnyororo umekatika. Mzigo wa watu wengi ndani ya trela moja una taabu hiyohiyo: mwenye boksi moja asiyeidhinishwa huwaondoa wote kwenye njia ya haraka.

Kwetu, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mpango wake wa wafanyabiashara walioidhinishwa, na mwaka 2014 ilianza kutekeleza Himaya Moja ya Forodha, ambayo kwa maoni yangu ni hatua kubwa kuliko jengo lolote la mpakani. Mzigo wa Kampala hutolewa tamko Uganda na kulipiwa ushuru ukiwa bado Mombasa, na maofisa wa Uganda na Rwanda wamewekwa bandarini. Maana yake ni kwamba habari imetangulia lori. Likifika Malaba, ofisa hathamini tena mali. Anahakikisha tu kwamba kilichofungwa Mombasa ndicho kilichofika.

Hakikisho hilo limeshikwa na kitu kidogo mlangoni mwa kontena: lakiri. Ile ya kawaida ni pini nene ya chuma inayopitishwa kwenye tundu la kitasa na kusukumwa ndani ya kikombe chake hadi ilie. Haitoki tena ila kwa kukatwa, na namba yake imechongwa ubavuni. Ofisa anasoma namba, anailinganisha na ya kwenye mfumo, anaitikisa kwa mkono. Ya kielektroniki inaongeza sauti: katika mfumo wa pamoja ambao Kenya, Uganda na Rwanda waliuanzisha mwaka 2017, mlango ukifunguliwa njiani au lori likiacha barabara iliyopangwa, kituo cha ufuatiliaji kinapata taarifa papo hapo. Na kwenye mfumo wa kompyuta wa forodha uitwao ASYCUDA kuna njia ya kijani, ya njano ya kukagua makaratasi, nyekundu ya kufungua, na bluu, ambapo mzigo huachiwa na vitabu vya mwenye mali hukaguliwa baadaye ofisini kwake. Ukaguzi haukufutwa. Umehamishwa kutoka barabarani, ambako kila dakika yake inalipwa na kila aliye nyuma, hadi mahali ambapo haumzuii mtu.

Hata hivyo, njia ya haraka inayoanzia dirishani haisaidii kitu ikiwa lori limekwama kilomita tatu nyuma kwenye barabara yenye mstari mmoja, nyuma ya malori yanayosubiri kupekuliwa. Mwaka 2020, madereva walipotakiwa kupimwa korona kabla ya kuvuka, msururu wa Malaba ulirefuka kwa makumi ya kilomita, na aliyeidhinishwa alilala barabarani sawa na mwenzake. Eneo la kuegesha nje ya barabara ni sehemu ya njia ya haraka, na lihesabiwe kwenye bajeti yake.

Nirudi kwa yule tuliyemwacha akisubiri dakika 185. Punguza upekuzi kutoka malori 10 hadi 5 kwa kila 100, kwa kuchagua vizuri kama tulivyoona. Hata bila kumtanguliza mtu, kusubiri kunashuka kutoka dakika 135 hadi 17. Ukiwatanguliza wenye kazi fupi, wao watasubiri kama dakika 10, na wa kupekuliwa dakika 24. Mwenye lori moja asiye na ghala wala mhasibu, ambaye hataidhinishwa leo wala kesho, naye amepona, kwa sababu kazi yenyewe imepungua. Na mama anayevusha magunia ya maharage Busia kwa mkokoteni hahitaji kuingia hesabu ya malori kabisa: bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 zina cheti chepesi cha asili ya bidhaa kinachotolewa palepale mpakani, na dirisha lake linapaswa kuwa peke yake.