SOMO: UCHAGUZI WA NYAYA ZA UMEME KARIBU NA MASHINE ZENYE JOTO

Ndugu Makatibu na Wanachama,

Mlali na vijiji vingine vya Wilaya ya Kongwa hulima alizeti, na chama chenye mashine yake ya kukamulia mafuta huongeza thamani ya jasho la wanachama. Lakini penye mashine hiyo pana joto kali: mbegu hupashwa moto kabla ya kukamuliwa, na kichwa cha mashine hupata moto kwa msuguano.

Katika ukaguzi wa chama kimoja niliuona waya uliofungwa msimu uliotangulia. Ganda lake lilikuwa limekauka na kupasuka hata shaba ikaonekana. Hati ya ununuzi ilisema tu, "Waya, mita 20." Bei ilikuwa nafuu, bali hatari ilimkabili mwendesha mashine.

Yatupasa kutofautisha mambo mawili. Unene wa shaba huchaguliwa kwa kadiri ya mzigo wa umeme. Ganda huchaguliwa kwa kadiri ya joto. Mahali palipozidi kiwango cha ganda, kununua waya mnene zaidi wa aina ile ile hakusaidii.

AINA ZA GANDA

1. PVC ya kawaida (mfano, alama H07V-K): mwisho digrii 70 za Sentigredi.
2. PVC ya kustahimili joto (H05V2-K): digrii 90.
3. Mpira wa silikoni wenye koti la nyuzinyuzi za kioo (H05SJ-K): digrii 180. Mpira huu huchanika upesi; uepushwe na ncha kali.

Kumbukeni kuwa joto la hewa hujumlika na joto la umeme upitao wayani. Waya wa PVC ya kawaida uwezao kubeba ampea 20 penye hewa ya digrii 30, hubeba ampea 10 tu hewa ifikapo digrii 60.

UTARATIBU

(a) Waya wa kawaida uishie kwenye kisanduku cha viungio kilicho mbali na joto. Kutoka hapo utumike waya wa kustahimili joto. Kwa kuwa kipande hiki ni kifupi, gharama haitakuwa kubwa.
(b) Viungio vilivyo karibu na moto viwe vya kauri, si vya plastiki.
(c) Katibu aandike katika hati ya kuagiza: aina ya ganda, digrii, unene na urefu. Mzigo ufikapo, asome maandishi ya ganda au ya lebo, na kutazama alama ya TBS, kabla ya kutia sahihi.
(d) Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, umeme ukiwa umezimwa katika swichi kuu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, hati zetu za ununuzi zataja digrii za joto?
2. Nani katika chama chetu hukagua nyaya kabla ya msimu kuanza, na huandika wapi aliyoyaona?